Kuchagua Trekta Kuukuu Lenye Beleshi na Mkono wa Kuchimba

Kila msimu wa karafuu ukiwa mzuri na fedha zikawafikia wenyewe, huzuka barazani shauri lile lile: je, tusinunue trekta? Na siku hizi linalotajwa si trekta la kulimia tu. Hutajwa lile lenye beleshi kubwa mbele la kuzolea udongo, na nyuma lina mkono mrefu wenye ndoo ya kuchimbia, ambalo wengi wetu huliita kijiko. Mtu huliona likichimba mtaro kando ya barabara, asubuhi limeanza hapa na adhuhuri liko kule, naye hurudi nyumbani akilifikiria shamba lake, bonde lake lisilo njia na visiki vyake vya miaka mingi.

Jipya halimo katika uwezo wa mkulima wa kawaida, na hata wakulima kumi wakichanga huwa taabu. Basi maneno yote ni juu ya lililokwisha kutumika. Kuukuu likichaguliwa vyema hufanya kazi miaka mingi. Likichaguliwa vibaya hula fedha za msimu mzima, kisha za msimu wa pili, na lenyewe limekaa juu ya magogo chini ya mwembe, kuku wanatagia kitini. Makala haya ni kwa mwanachama ambaye fedha anazo, au yu karibu kuzipata, na bado hajamkabidhi mtu.

Kazi yake shambani

Karafuu huchumwa kwa mkono, na hakuna trekta litakalopanda mti. Wala trekta halina kazi chini ya mikarafuu iliyo hai. Mizizi inayoulisha mkarafuu iko karibu na uso wa ardhi, na kijiko kikubwa cha kiwandani huwa na uzito wa tani 8 hivi. Likipita mara moja na mbili baina ya miti wakati wa mvua, udongo hushindiliwa kama sakafu, maji hayapenyi, na mkarafuu ni mti usiostahimili kabisa maji yaliyosimama. Tena ndoo ile ya nyuma ikizungushwa kwa haraka huchubua shina. Wazee wetu waliuona ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla ukiteketeza mashamba mazima katika karne ya 20, nao ni ugonjwa unaoshambulia mizizi. Hatuna haja ya kuijeruhi mizizi kwa mikono yetu. Mwenye kutaka trekta la kuzungukia mti mmoja mmoja na kupalilia, huyo asinunue. Na aajiri watu wa majembe.

Kazi yake ni nyengine, na ya kwanza kwa maoni yetu ni njia. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoshika karafuu, na Pemba ni nchi ya vilima na mabonde. Kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kiasi cha kilo 1 kavu. Maana yake, katika kila kilo 3 anazobeba mtu kichwani kutoka bondeni hadi kwenye majamvi, kilo 2 ni maji. Na karafuu mbichi zikilala ndani ya magunia kwa sababu njia ni ya utelezi na wabebaji wamechoka, hupata joto, na zikija kuanikwa hazipati rangi ile inayotakiwa kituoni. Njia ya upana wa mita 3, yenye mtaro upande wa juu na bomba la kupitishia maji mahali penye korongo, inaokoa karafuu za kila msimu. Hiyo ni kazi ambayo beleshi la mbele na mkono wa nyuma huifanya kwa siku chache.

Ziko nyengine pia: kung'oa visiki vya minazi na vya mikarafuu iliyokwisha kufa, kusawazisha uwanja wa kuanikia kabla ya kumwaga saruji, kuchimba bwawa la maji ya miche, kuchota samadi na mawe. Mkarafuu ulio hai haung'olewi ovyo, na ruhusa ya serikali lazima itafutwe kwanza. Mwenye trekta asijione kuwa amepewa ruhusa kwa sababu ana nguvu.

Juu ya mashimo ya miche mipya tuna neno moja. Shimo la sentimita 60 kila upande lina udongo wa zaidi ya lita 200, na ndoo ya nyuma hulitoa kwa mara chache tu. Lakini katika udongo wa mfinyanzi ndoo huzilainisha kuta za shimo zikawa kama chungu, maji ya mvua yakakaa ndani na mche ukaoza mizizi. Basi akishapita kijiko, apite mtu na jembe azikwangue kuta hizo. Ni kazi ya dakika mbili kwa shimo.

Sasa hesabu saa. Mwanachama achukue karatasi aandike kazi zote alizonazo kwa mwaka: njia siku ngapi, visiki siku ngapi, uwanja siku ngapi. Aghlabu atakuta kazi kubwa zote za shamba la ekari chache haziishi mwezi mmoja, na nyingi zikishafanywa hazirudi tena miaka mitano. Kwa mtu huyo kukodi ni bora, hata kama kodi inamuuma. Anayefaa kununua ni mwenye mashamba mengi, au kundi la majirani wasiopungua sita au saba wenye njia moja, wenye kuaminiana, na wenye kuandikiana. Tumesema kuandikiana: nani dereva, nani anatoa mafuta, nani wa kwanza kutumiwa, na likivunjika katika shamba la mmoja nani alipe. Ndugu wa tumbo moja wamenuniana kwa jambo dogo kuliko hilo.

Namna mbili, nazo si sawa

Huko Uingereza mwaka 1953 kampuni ya JCB ilichukua trekta la Fordson Major, ikalitia beleshi mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Mwaka 1957 kampuni ya Case huko Marekani ikaanza kuuza trekta la namna hiyo lililotoka kiwandani limekamilika. Tangu hapo namna mbili zimekwenda sambamba, na anayenunua bila kuzijua tofauti zake hujuta.

Namna ya kwanza ni mashine iliyoundwa kiwandani tangu mwanzo kwa ajili ya kuchimba na kuzoa, kama JCB 3C iliyotoka mwaka 1963 na 3CX iliyotoka mwaka 1980, na za Case na za Massey Ferguson za mfano huo. Chesisi yake ni nene, pampu yake ni kubwa, na mkono wake hushuka zaidi ya mita 4 chini. Lakini upana wake ni mita 2 na ushei, uzito wake tumekwisha utaja, na nyuma hakuna mahali pa kufungia jembe. Hailimi wala haivuti haro. Pia hunywa dizeli si haba.

Namna ya pili ni trekta la shamba, tuseme Massey Ferguson 135, lililotengenezwa tangu mwaka 1964 hadi 1975 na ambalo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanalijua kama wanavyojua sufuria zao, likaongezwa beleshi mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Hili ni jepesi, hupita njia nyembamba, na ukiuvua mkono wa nyuma hulima na huvuta tela. Kwa vilima vyetu na njia zetu, sisi twalipendelea hili kwa mkulima mmoja mmoja. Kundi lenye kazi kubwa ya njia na mabwawa litafute lile la kwanza.

Ila kwa trekta la shamba lazima uiname utazame mkono wa nyuma umefungwa wapi. Ukiwa umening'inizwa tu kwenye mikono mitatu ya kufungia jembe, tahadhari. Nguvu ya kuchimba husukuma na kuinua, nayo huweza kupasua nyumba ya giaboksi. Na baya zaidi, mtambo wenyewe huweza kuinuka na kumbana dereva aliyekaa juu yake. Mkono mzuri umefungwa kwenye fremu ya chuma inayokwenda chini ya trekta hadi mbele, na nguvu yote hukaa katika fremu hiyo. Muuzaji akikwambia fremu si lazima, mwambie ahsante, uende zako.

Kulikagua

Hapa ndipo fedha zinapookolewa au kupotea, na tunamwomba msomaji asiwe na haraka. Nenda asubuhi. Mwambie muuzaji tangu jana yake kwamba trekta lisiwashwe kabla hujafika, kisha ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa na moto, lipo linalofichwa. Injini nyingi zilizochoka huwaka vyema zikishapashwa moto, na huwa taabu zikiwa baridi. Fuatana na fundi wako mwenyewe, uliyemlipa kwa siku, ambaye hatapata kitu zaidi ukinunua wala hatapungukiwa usiponunua. Dalali si fundi, hata awe na spana mfukoni.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili ya injini. Oili nyeusi si kitu. Oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa ina maji ndani yake, na maji hayo yamepita mahali pasipofaa. Fungua rejeta ingali baridi utazame kama kuna mafuta yanayoelea. Fanya hivyo hivyo kwa mafuta ya haidroliki, na kwa giaboksi pia, maana machine zilizokaa nje mvua za masika mbili tatu huingia maji kwenye kifimbo cha gia bila mwenyewe kujua.

Iwashe. Moshi kidogo mwanzoni si neno. Moshi wa buluu usiokoma ni injini inayokunywa oili. Moshi mweusi mzito ni dizeli isiyoungua sawasawa, na pengine ni chujio la hewa au nozeli tu, jambo lisilo la kutisha. Moshi mweupe usioisha baada ya injini kupata moto huomba fundi atazame zaidi. Fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma. Ikitoa pumzi nyingi kama birika, pistoni na ringi zake zimekula, na gharama yake uitoe katika bei.

Mita ya saa usiiamini peke yake. Trekta likifanya kazi saa 1,000 kwa mwaka, miaka 10 ni saa 10,000. Ukiona mashine ya miaka 20 inasoma saa 3,000, tazama pedali: mpira wake umelika hadi chuma? Tazama kiti, tazama vishikio vya mkono wa nyuma, vimesuguliwa hadi kung'aa? Vitu hivyo havina mtu wa kuvirudisha nyuma. Rangi mpya nayo si sifa. Rangi ni rahisi, na hufunika nyufa na mavujo. Sisi twapendelea mashine yenye rangi ya zamani iliyopauka, ambayo kila jeraha lake laonekana.

Halafu mkono wa nyuma, ambao ndio ghali kuutengeneza. Mkono huu hugeuka kushoto na kulia juu ya pini mbili nene, moja juu na moja chini, pale unaposhikana na trekta. Unyooshe wote, uuinue shubiri moja kutoka chini, kisha mtu mmoja aishike ndoo aitikise kwa nguvu upande na upande, na wewe uinamie pale penye pini. Tuseme pini ziko mbalimbali sentimita 40, na zimelegea milimita 2 tu. Mwisho wa mkono wa mita 5 ulegevu huo umekuwa kiasi cha sentimita 2 na nusu, na kuchimba mtaro ulionyooka kwa mkono kama huo ni kama kuandika barua juu ya punda. Pini na bushi zikiwa zimekula peke yake, hubadilishwa. Tundu lenyewe likiwa limepanuka likawa kama yai, hapo hapana budi litiwe chuma na kuchongwa upya kwa mashine maalumu, na hiyo si kazi ya kila karakana. Uliza ni wapi itafanywa kabla hujasema bei.

Fuata kila kiungo cha mkono kwa jicho na kwa kidole. Grisi mpya iliyopakwa leo asubuhi inajulikana. Grisi nyeusi iliyogandamana kuizunguka pini ni habari njema, maana mtu alikuwa akiipaka siku zote. Kagua penye kuchomelewa. Ufa uliochomelewa mara moja na fundi hodari si lazima kuukataa, lakini kiraka juu ya kiraka kwenye mkono, au pale fremu ya beleshi inaposhikana na chesisi, chatosha kukurudisha nyumbani. Kwa trekta la shamba tazama kwa makini ekseli ya mbele na pini yake ya katikati. Ekseli ile iliundwa kubeba injini, haikuundwa kubeba tani moja ya mchanga uliolowa juu ya beleshi, na wengi wamelitia beleshi trekta bila kuifikiria.

Sasa haidroliki. Inua beleshi la mbele likiwa limejaa udongo, zima injini, na kwa chaki tia alama kwenye chuma kinachong'aa cha jeki, karibu na mdomo wake. Kaa dakika 10 unywe maji. Mashine kuukuu itashuka kidogo, hilo hatulikatai. Ikishuka mbele ya macho yako, sili za jeki au vali zimechoka. Kisha shusha ile miguu miwili ya kuegemea ya nyuma mpaka magurudumu yainuke, uzime tena. Hapo hakuna uvumilivu: mguu ukizama wenyewe, trekta litainama huku mtu yumo kazini ukingoni mwa shimo.

Vyuma vya jeki vitazamwe kwa mwanga wa jua. Kwetu visiwani chumvi ya bahari haiachi kitu, na mashine iliyokaa pwani, au iliyosafiri juu ya sitaha wazi, huwa na vishimo vidogo vya kutu kwenye vyuma hivyo. Kila kikipita, kishimo hukata sili kama wembe. Utabadilisha sili leo, na baada ya wiki chache mafuta yanatona tena. Mipira ya haidroliki yenye nyufa au iliyovimba ihesabiwe mmoja mmoja. Mpira mmoja haukutishi, lakini kuna zaidi ya ishirini.

Na jambo ambalo wauzaji hawapendi: litumikishe saa nzima. Pampu iliyokula huwa na nguvu mafuta yakiwa baridi na mazito, na huanza kulegea mafuta yakipata moto na kuwa mepesi. Muuzaji atakuonyesha dakika tano, chimba moja zoa moja, na kila kitu kitapendeza. Mwambie unachimba mtaro wa mita 10 hapo hapo, na utafukia mwenyewe. Baada ya saa moja angalia: je, mkono unainuka kwa wepesi ule ule? Joto la injini limekaa? Kisha jaza beleshi, lipandishe kilima kwa gia ya pili, simama katikati ya kilima kwa breki, rudi nyuma, nenda mbele tena. Mashine za kiwandani nyingi hazina klachi ya mguu kwa kugeuza mbele na nyuma, bali hutumia nguvu ya mafuta ndani ya giaboksi. Zikikawia kushika, au zikishika kwa kishindo, giaboksi ile yaomba fedha. Kwa trekta la shamba lenye klachi ya kawaida, kazi ya beleshi ya mbele nyuma mbele nyuma huila klachi haraka, basi jua kwamba klachi utainunua, na ulizana na muuzaji juu yake mapema.

Mipira ya magurudumu tumeiacha mwisho kwa sababu ni rahisi kuiona. Ulizia bei ya mipya minne kabla ya kwenda. Wapo waliofurahia trekta la bei ya chini, kisha wakakuta mipira ya nyuma peke yake ni sehemu kubwa ya bei waliyolipa.

Vipuri

Trekta ambalo vipuri vyake havipatikani si trekta, ni chuma chakavu kinachotembea kwa muda. Kabla ya kulipa, andika namba za injini na za mashine kutoka kwenye vibati vyake, uende madukani Unguja na upigie simu Dar es Salaam, uulize vitu vinne: machujio, pakiti ya sili za jeki, pampu ya maji na pini za mkono. Ukiambiwa vyote vipo, au huja kwa siku chache, vyema. Ukiambiwa viagizwe ng'ambo kwa kila kimoja, fikiri msimu wa mavuno umefika, njia imekatika kwa mvua, na trekta linangojea sili. Hii ndiyo sababu tunasema jina linalojulikana kisiwani, hata likiwa kuukuu zaidi, ni bora kuliko jina geni lililo zuri kwa macho.

Hatari yake

Kilima ndicho adui. Beleshi lililojaa likiinuliwa juu, uzito wote huhamia juu na mbele, na trekta likipita ubavuni mwa kilima hupinduka bila kutoa onyo. Beleshi liwe chini, karibu na magoti ya mtu, wakati wote wa kutembea; na mwendo uwe wa kupanda na kushuka moja kwa moja, si wa kukata kilima. Likiwa na beleshi peke yake, mkono wa nyuma ukiwa umevuliwa, litiwe mzigo wa uzani nyuma. Trekta lisilo na fremu ya kumkinga dereva lisinunuliwe kwa ajili ya Pemba, kwa bei yoyote. Na fremu bila mkanda wa kitini haimsaidii dereva, maana hutupwa nje na kuangukiwa na fremu ile ile.

Mtaro nao unaua kimya kimya. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaokaribia tani 2 ukilowa. Mtu akiingia katika mtaro wenye kina cha mita 1 na nusu au zaidi, usiotiwa mbao kuzuia kuta, na ukuta ukaporomoka hadi kifuani, pumzi humkatika hata kama kichwa chake kiko nje. Anayetaka kuulaza bomba na alilaze kwa kamba kutoka juu. Watoto nao, ambao hupenda mno kuitazama mashine, wakae mbali kuliko urefu wa mkono ukiwa umenyooka wote, na waambiwe hivyo kila siku, si siku ya kwanza tu.

Karatasi na safari

Dai kadi ya usajili, na uilinganishe namba yake na ile iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi, si kwenye kibati tu, maana kibati hung'olewa. Dai stakabadhi ya ushuru. Ukinunua Tanzania Bara na kulileta visiwani, nenda kwanza afisi ya forodha uulize kitakachodaiwa, na jibu uliandike, kwani bei nzuri ya Dar es Salaam imewahi kuwa bei mbaya ilipofika bandarini. Hati ya mauzo iwe na majina kamili ya pande zote mbili na mashahidi. Likiwa la kundi, jina katika kadi na liwe la kundi lililosajiliwa. Likiandikwa jina la mwenzenu mmoja, akifariki mtakuwa mnadai mali yenu katika mirathi ya watu.

Uzito upimwe kabla ya kutafuta chombo. Si kila chombo kinachokuja Pemba kinaweza kupakia mashine ya tani 8, na lile la mlango mpana wa kuteremshia magari ndilo linalofaa. Uliza vilevile njia kutoka bandarini Mkoani hadi shambani kwako, madaraja madogo yote yaliyopo yanastahimili kiasi gani. Likishashuka, siku ile ile lioshwe kwa maji baridi ya mfereji, juu na chini, na vyuma vyote vya jeki vifutwe na kupakwa mafuta.

Wakati mzuri wa kununua ni baada ya mavuno kwisha na kabla ya masika ya mwezi wa Machi, madhali ardhi ni kavu na kazi ya njia inaweza kuanza mara moja. Kabla ya kuchimba hata shimo moja, mwaga oili zote, ya injini, ya giaboksi na ya haidroliki, utie mpya pamoja na machujio mapya, kwa kuwa aliyekuuzia hakufanya hivyo hata akiapa. Weka fungu la fedha kando kwa ajili hiyo tangu siku ya kupatana bei. Dereva apewe daftari, aandike saa za kila siku, mafuta yaliyotiwa, na kila pini iliyopakwa grisi asubuhi kabla ya kazi.

Wanachama waliokwisha nunua mashine za namna hii na wakazitumia misimu miwili au zaidi, na watuandikie ni kipuri gani kilichowasumbua zaidi na walikipata wapi. Majibu yatachapishwa katika toleo lijalo.